Fundi Saa wa Mlango wa Pili

Dada yangu mpenzi,

Huku ugenini tu wazima. Wiki ya saba sasa hatutoki nje kwa ajili ya maradhi haya, na shemeji yako amejifunza kupika. Wali wake ungefaa kujengea nyumba. Wanao wanasomea jikoni, wanagombania kompyuta moja.

Kuna jambo nilikuficha kwenye simu. Yule mzee fundi saa, jirani yetu aliyeishi peke yake, alipata kikohozi. Jumanne mchana akagonga ukuta, akaita, "Jamani majirani, naomba maji tu." Shemeji yako akachukua ufunguo wa mlango wetu atoke. Nikamzuia mlangoni.

"Una watoto humu ndani," nikamwambia.

Akarudi kuketi. Mzee aligonga mpaka alasiri, kisha akanyamaza. Hata gari la wagonjwa sikuliita mpaka kesho yake, na walipofika walimtoa amefunikwa.

Tangu hapo nikipita karibu na ukuta ule nabana pumzi. Shemeji yako hanisemi. Jana nikamsihi anigombeze walau mara moja. Akanijibu:

"Nikugombeze nini, mke wangu? Ufunguo nilikuwa nao mimi."

Mama usimwambie.

Mdogo wako