Washa Nyeusi na Mtani Asiyejibu

Tabora, Jumatatu jioni. Joto, mawingu yamejaa, mvua haitaki kushuka.

Jumamosi nimepoteza kazi ya nyumba ya wageni ya Mama Paulina, pale karibu na stesheni. Mitungi yake minne ya gesi niliifunga mimi. Jumamosi mchana, Bwana Shauri mmoja, mkubwa wa serikali aliyekuwa safarini, akiwa mezani anangoja chakula, gesi ilivuja shingoni mwa mtungi ikadaka moto. Pazia likateketea, nyusi za mpishi zikaenda nalo. Mama akaniambia niache ufunguo wa stoo, nikatafute kazi kwingine.

Sikupewa hata nafasi ya kuutazama mtungi.

Inaniuma. Gesi ni ngeni hapa mjini, mafundi tunaoifahamu hatufiki watatu. Mimi sikusomeshwa na mtu. Nilianza kwa kuziba pancha mtaani Itetemia, nikaingia kwenye taa za karabai, hadi gesi, kwa macho yangu na vidole vyangu. Ikienea kwamba mtungi wa Yakobo umeunguza mtu, nani ataniita tena?

Leo nimerudi kumwomba Mama aniruhusu nikague. Amekubali, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Nikafunga koki, nikazima moto wote, nikautoa mtungi uani pamoja na mpira wake. Nati hufunguka kinyume, kama pedali ya kushoto ya baiskeli. Ndani nikakuta washa, kile kipete cha kuzibia, nyeusi, laini, imevimba kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki.

Siyo yangu.

Zangu ni ngumu, huja na vifaa kutoka Dar es Salaam. Ile ilikatwa kwa mkasi kutoka tyubu ya baiskeli. Tyubu yafaa kwa upepo. Gesi huilainisha mpaka inaachia.

Wiki iliyopita nilikuwa Kaliua, na mtungi mmoja uliisha nikiwa huko, mtu akafunga mwingine bila mimi. Jikoni yumo mtu mmoja tu: Mzee Kondo, mpishi, Mzaramo, mtani wangu. Nikamwuliza mbele ya Mama, "Mtani, tyubu hii umekata wewe?"

"Mnyamwezi," akasema, "babu zako walifika kwetu pwani na pembe za ndovu mabegani. Wewe kampira kamoja kamekushinda, unatafuta wa kumtwika?"

Mama akacheka. Nami nikacheka, maana kwenye utani ukikasirika umeshindwa. "Babu zangu walirudi na nyusi zao," nikamjibu. Akacheka mpaka akakohoa.



Nikaendelea na kazi. Nikafuta mahali washa inapokaa kwa kitambaa kikavu, nikaweka mpya, nikakaza kwa spana bila kulazimisha. Katani na rangi wanazozungushia mafundi wa bomba sikuweka. Hapo kinachoziba ni washa, uchafu wa katani huiharibu. Kisha nikafungua koki na kupaka povu la sabuni kila kiungo. Kiberiti sikukisogeza kabisa. Penye klipu ya mpira kapovu kakatuna. Nikafunga koki, nikakata ncha iliyochakaa, nikabana upya. Safari hii povu likatulia.

Mama ameona yote. Anasema kazi naweza kurudishiwa, ila kwanza ajue nani aligusa mtungi, "maana atakayeficha atarudia." Ataamua kesho saa nne asubuhi.

Nilipokuwa nanawa, Mzee Kondo akaniletea ukoko wa wali, anajua ninavyoupenda. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi, mtani, mpira wa baiskeli ubaya wake nini hasa?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila mzaha hata mmoja. Tangu tufahamiane sijapata kuona hivyo.

Kwa hiyo nina matumaini. Sitaki afukuzwe. Nimemtengea washa mbili nzuri. Akisema, nitamwombea kwa Mama, na nitamfundisha kubadilisha mtungi mwenyewe, nisipokuwepo jiko lisilale. Asiposema, mzigo ni wangu, na mjini nimekwisha.

Kesho nitapita mlango wa jikoni kabla Mama hajaamka. Utani nitauacha nje na baiskeli.

Mzee Kondo, shikamoo. Ulikata wewe, au hukukata? Ndiyo au siyo, kabla ya saa nne.