Grisi Iliyobaki Koponi

Shemeji yangu,

Sisi wazima, ila mikono inateleza hata kalamu naishika kwa tabu. Vile vifaa vya kuzamia ulivyoviomba nimevifungua leo. Kopo la grisi ya silikoni lilifunguka mkobani, grisi ikaenea kwenye miwani, mikanda, mpaka mdomo wa kupumulia. Maji matupu yaliisambaza tu. Mama akaleta mafuta ya taa. Nikamwambia yatakula mpira.

"Haya, fundi, sugua basi."

Nimesugua kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu mpaka kiuno kimekataa. Hakuna wa kunipokea; tangu tumzike mumeo, kila kazi yake imekuwa yangu.

Ikabaki kuipaka grisi kidogo ile mipira midogo ya kuzuia maji. Nikapeleka kidole koponi, Mama akanidaka mkono. Kwenye grisi iliyobaki kulikuwa na mfereji wa kidole cha kaka, pale alipochota mara ya mwisho. Mama akalifunika kopo, akaenda nalo chumbani kwake.

Kwa hiyo mipira inakuja mikavu, shemeji. Tafuta grisi nyingine huko.

Ni mimi shemejio, mwenye kiuno kibovu.