Picha Iliyochelewa

Jumatano, 6 Machi

Bado niko Mugumu. Mama hajaweza kukaa. Nashinda wodini, mkono mmoja uji, mkono mmoja simu. Natazama karasha langu la kusaga mawe ya dhahabu kule Nyangoto. Kamera mbili, zinakula bando bila huruma. Fundi alinionya: mtandao ukilegea, picha inachelewa. Nikamwambia apunguze maneno.

Ijumaa, 8 Machi

Mlinzi mpya ameanza. Makuru, mtu wa Issenye. Kikurya hajui hata salamu. Ndiyo maana nimemchukua. Hana binamu pale kijijini wa kumfungulia geti.

Jumapili, 10 Machi

Watu walikuwa kanisani. Simu ikaniashiria kuna mtu uani. Nikafungua. Mwanamume ana panga, anavunja mlango wa stoo, anaingia. Damu ikanichemka. Nikampigia shemeji Chacha, anayeishi jirani na karasha. "Aliye ndani ya stoo ndiye mwizi. Msimwache atoke." Yowe likapigwa. Nililisikia kwenye simu nikafurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Chacha akakata. Kwenye picha mwizi bado alikuwa ndani. Kumbe alishatoka zamani, karuka ukuta. Aliyekuwa stoo ni Makuru, kaingia kuangalia kilichoibwa.

Waliokusanyika walimuuliza kwa Kikurya yeye ni nani. Akajibu kwa Kiswahili. Ikawa basi. Fimbo, mawe, panga. Kichwa wamekipasua. Haya yote kamera iliniletea yakiwa yameshatendeka. Nilipiga kelele wodini mpaka nesi akaja. Nikampigia Chacha, hapokei.

Jumatatu, 11 Machi

Makuru amefia njiani, hospitali hakufika. Chacha kapiga kabla polisi hawajamchukua. "Shemeji, si wewe ulisema?" Nilisema. Nawachukia wote, na mimi wa kwanza. Polisi wananitaka. Kesho naenda.

Alhamisi, 14 Machi

Nyangoto. Maelezo nimeshatoa.

Mjane wa Makuru amekuja kuchukua nguo za marehemu. Akauliza kama kamera ina picha ya mumewe akiwa mzima. Nikafungua ya Jumamosi asubuhi. Makuru anafagia uani. Anamaliza, anavua kofia, anainua uso kwenye kamera. "Shikamoo mama." Anasubiri niitikie. Kisha anarudi kufagia.

Mjane akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha.