Babu Amelala Chumbani Mwako

Catriona mwanangu,

Babu amelala chumbani mwako, usimwamshe. Supu iko kwenye sufuria. Ipashe moto, na akatae asikatae, mpe. Hita usiizime hata akikubembeleza.

Asubuhi nilimpitishia mkate. Nikamkuta kitandani na koti na kofia, midomo imegeuka bluu, hita baridi kama jiwe.

“Baba, si uliniambia unaiwasha?”

“Nilikuongopea, mama. Bili ya mwaka jana ilinitisha.”

Jirani yake, Bi Senga, naye alikuwa akituambia anawasha hita yake. Tumemzika juzi. Daktari kamwona Babu, anasema ningefika jioni ningekuta mengine.

Wewe utalala ~~sebuleni~~ na mimi, sebuleni kuna baridi. Najua utanuna. Nuna, ila si mbele yake. Nilipomvisha soksi alilia kwa aibu, na mimi kabla ya leo sikuwahi kumwona baba yangu akilia.

Nimerudi kwake Dundee kuchukua dawa na nguo. Akikuuliza anarudi kwake lini, mwambie Mama hajasema.

Sijasema kwa sababu harudi.

Mama