Shangazi Alipoingia Jikoni mwa Hoteli

Mjukuu wangu Chebet,

Sisi hapa Munyaka tuko salama. Mvua imeshika, babu yako amepanda mahindi, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Umeniuliza utajifunzaje Kihispania cha hotelini, maana huko Uhispania ukienda kula unaona haya, unaonyesha picha kwa kidole tu.

Nimemkumbuka shangazi yangu Tapsubei. Wakati ule wa kununua shamba la mzungu kule Ziwa, wanaume walienda mkutanoni Eldoret, nasi wanawake tukawangojea katika hoteli ya mama mmoja kutoka Kakamega. Njaa ilituuma, na hakuna aliyejua Kiswahili cha kuagiza chakula. Lakini kwetu mwanamke hakai kitako mwenzake akipika. Shangazi akainuka, akaingia jikoni, akafunua sufuria!

"Wewe mama, unatafuta nini huku?" mwenye hoteli akafoka.

Shangazi akachukua kisu, akaanza kukata mboga za sukuma wiki. Akawa anagusa kitu kimoja kimoja na kungoja aambiwe jina lake. Yule mama akashindwa kukasirika. Akacheka, akamtajia: maharagwe, mchuzi, chumvi.

Shangazi yangu, jamani! Alituletea sahani zetu mwenyewe, kisha akageukia meza ya wageni tusiowajua, kwa Kiswahili alichookota jikoni: "Niongeze mchuzi?"

"Ndio, mama," wakajibu, wakidhani hoteli ni yake.

Basi kula vizuri, mjukuu wangu. Nawe ingia jikoni mwao, na wakikufokea, waombe vitunguu ukate.

Ni mimi nyanya yako.