Mashine Inayonguruma Nyumbani Kwako

Mpendwa Baba Rehema,

Kabla hujasikia kwa watu, acha nikuambie mwenyewe: nyumbani kwako sasa kuna mashine inayonguruma. Ni mashine ya kuvuta vumbi, hizi wanazoziita aspirateri, nyembamba kama mpini wa jembe, na mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Kelele yake inafukuza kuku wa jirani. Najua utakunja uso. Wewe ambaye hata redio ulikuwa unaipunguza ("Tusikie njia kwanza," ulikuwa unasema), utauliza nilikuwa na akili gani. Naandika waziwazi, mbele ya kila atakayesoma, kwa sababu sina mahali pengine pa kukutumia maneno haya. Simu yako inajibiwa na yule mama wa mtandao tu, na hotuba yake nimeshaikariri.

Nianze na mtaa wa Beu, kule Beni, maana ndiko ulikoanzia mchezo wako wa mlango. Zile siku risasi zilikuwa zinasikika upande wa mashamba, na hakuna nyumba iliyomfungulia mtu anayegonga. "Mwenye kugonga kwa nguvu ana haraka yake, si yetu," ulisema. Basi ukirudi na lori, unaliacha kwa tajiri wako, unakuja kwa miguu, unakwaruza bati la mlango wa uani kwa ukucha, polepole, kisha unanyamaza. Mimi nilikupa jina la panya. "Panya amefika," namwambia mama yako, naye anacheka huku anavuta komeo.

Tulipohamia Butembo nilidhani utaacha. Hukuacha. Mchana kweupe, majirani wanaanika muhogo, watoto wanapiga mpira, na wewe unakwaruza bati la mlango wako mwenyewe kama mwizi mwenye adabu. Nilikutania, "Hapa ni Butembo, gonga kama mutu." Ukanijibu, "Mukono imezoea." Sikukuambia wakati ule kwamba nilikuwa naipenda ile sauti. Ilikuwa yangu, hakuna mwanamke mwingine mtaani aliyefunguliwa siku yake kwa ukucha.

Na unakumbuka zulia. Ulilileta toka Kasindi limeviringishwa juu ya kabini, ukalitandaza sebuleni mwenyewe, ukatangaza kwamba hakuna kiatu kitakachopita, hata cha fundi wa umeme. Fundi alifunga nyaya zetu bila viatu, soksi zimetoboka, akakulaani kimoyomoyo. Rehema alijifunza kutambaa pale. Wewe ulisali pale. Ukiniuliza nyumba yetu ni nini, nitasema ni zulia lile na mlango ule wa bati.

Halafu ukaondoka na saruji kwenda upande wa Eringeti. Gari lilikutwa kando ya barabara, milango wazi, saruji imo. Wewe hukukutwa. Waliokwenda kutafuta walirudi wakiniangalia miguuni, na hakuna aliyekuwa na la kusema, si la uzima, si la kifo.

Siku hiyohiyo mama yako alitoa sheria. "Mutu mwenye hatujazika, hapana kumulilia," alisema. "Kumulilia ni kumufukuza asirudie." Nami sikubisha, kwa sababu unajua mambo ya kwetu. Ukipiga kilio kimoja tu, jirani anakuja na kuni, wa pili anakuja na viti, sufuria kubwa inawekwa motoni, na tayari ni matanga. Nani atawaambia watu warudi na kuni zao? Mtu ambaye matanga yake yamekaliwa, hata akiwa hai, ameshakufa midomoni mwa watu. Kwa hiyo tulifunga midomo. Nilijifunza kulia meno yakiwa yamebana, na mama yako sikumwona akitoa hata chozi moja.

Tukabaki kusikiliza. Mama yako alihamisha kigoda chake akakiweka karibu na mlango wa uani. Mimi nikajua kuosha sufuria bila kuzigonganisha. Rehema, mtoto wa darasa la kwanza, akajifunza kucheza kwa kunong'ona, jambo ambalo nikilifikiria linaniumiza mpaka leo. Jirani akiwasha kinu cha kusaga, mama yako anasimama na kukasirika, kwa sababu labda ni dakika hiyo hiyo unakwaruza. Nyumba nzima ilikuwa sikio.

Kiangazi kikaja na vumbi. Barabara yetu waliikwangua, wakaiacha hivyo, na kila lori linalopita linatutupia wekundu ndani. Vumbi linaingia chini ya mlango, linaingia darini, linakaa katika zulia lako kama limelipiwa pango. Kifua cha Rehema kikaanza kupiga filimbi. Muuguzi wa kituo cha afya aliniambia ni pumu, akanipa dawa ya kuvuta, kisha akasema ufagio niuache, maana ufagio hauondoi vumbi, unalihamisha tu toka chini mpaka puani mwa mtoto. "Toa tapi," akasema. "Ao mutafute aspirateur."

Nilifika nyumbani nikamwambia mama yako habari ya kutoa zulia. Hakunyanyua hata kichwa. "Tapi haitoke. Akirudia, atakanyaga wapi?" Ikabaki mashine.

Nilikwenda kwa Mama Kavira, yule anayeuza vyombo vya umeme katikati ya mji. Kitu cha kwanza aliuliza, "Kwenu muko na courant ya namna gani?" Nikamwambia tuna umeme wa jua. "Donc ile ya kamba hapana. Itakula batterie yenu yote, mutalala giza." Akaniletea mbili zenye betri ndani yake, zinazochajiwa mchana. Moja ndogo, saizi ya pasi, sauti yake kama nyuki aliyefungiwa chupani. Nyingine ndiyo hii ndefu. Akamwaga jivu juu ya kipande cha zulia. Ndogo ikala jivu. Ndefu ikala jivu, na alipofungua kikopo chake tukakuta na mchanga ambao hakuna kati yetu aliyeumwaga, ulikuwa umelala chini ya manyoya siku zote. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini ilikuwa inanguruma, Baba Rehema, mpaka meno yangu yalitetemeka.

Hapo nikaomba kitu ambacho nadhani hakuna mteja aliyewahi kukiomba. "Mama, mimi ninawasha. Weye enda kwa mulango, kwaruza bati na ukucha, pole-pole."

Aliniangalia kama mtu mwenye homa. Akaenda. Nikawasha ile ndogo, nikasikia ukucha. Nikawasha ndefu, nikaona kidole chake kinashuka juu ya bati na sikusikia kitu. Nikazima.

"Ni nani mwenye kukwaruzaka?" akaniuliza.

"Ni bwana yangu."

"Iko wapi?"

"Iko njiani."

Mji huu, nani hana mtu wake njiani? Alirudi nyuma ya meza, akafuta jivu kwa kitambaa, kisha akasema bila kuniangalia, "Mais, mama, kifua ya mutoto hapana ngojea mulango." Nilimsikia. Nikachukua ndogo.

Kwa siku chache nilijisifu. Zulia lilionekana safi, mashine ilivuma kwa heshima, mama yako alikaa kwenye kigoda chake na masikio yake yote. Kumbe ilikuwa inakula makombo ya juu tu. Alasiri moja Rehema alilala kifudifudi sebuleni akichora, na nilipotoka jikoni nikamkuta amekaa wima, mabega yamepanda mpaka masikioni, midomo inageuka rangi. Hakuweza kuniita. Dawa nilimpa, haikutosha. Nilimbeba kwenye pikipiki, nimembana katikati ya kifua changu na mgongo wa dereva, na njia nzima nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu, ile pumzi nyembamba. Sikukumbuka mlango. Nakuambia ukweli, sikukukumbuka hata wewe. Kituoni muuguzi alimrudishia pumzi, Mungu ashukuriwe.

Niliporudi nilipiga zulia kwa kiganja pale jua linapoingia dirishani. Vumbi lilipanda kama moshi. Asubuhi yake nikarudisha ile ndogo kwa Mama Kavira, nikachukua ile ndefu. Hakunisuta. Alinionyesha namna ya kutoa chujio na kuliosha, akasisitiza likauke kabisa kabla ya kulirudisha, na kikopo kimwagwe nje, mbali na mtoto, kwa kufuata upepo.

Mama yako alinisubiri sebuleni. Alikuwa amesimama katikati ya zulia lako, mguu peku, mikono kiunoni.

"Ile makelele haiingie humu."

"Mama, mutoto alitaka kufa."

"Na mutoto yangu?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Akikuya, akikwaruza, nani atamusikia? Atafikiri tulihama. Atarudia kule."

Lilikuwa swali langu mwenyewe, nililolala nalo na kuamka nalo, sasa limetoka katika kinywa cha mtu mwingine. Nilikuwa na hasira, naye, nawe, na barabara ile, na nilitaka kuitupa mashine ukutani. Kisha kule kwa jirani, nilikokuwa nimempeleka Rehema akae, kikohozi kikasikika kupitia ukuta. Kikavu, kirefu, kisichokwisha. Mama yako alikisikiliza. Masikio ambayo kwa miezi yalikuwa yameelekea mlangoni niliyaona yakigeuka. Kilipokatika kile kikohozi, alishuka kutoka kwenye zulia.

"Inawashwa wapi?"

Nikamwonyesha. Akabonyeza mwenyewe.

Niliinama nikasukuma. Kikopo kikaanza kuwa chekundu. Nilivuta chini ya viti, pembeni ya ukuta, pale pa kusalia, na sikuthubutu kuangalia upande wa uani. Nilipoinua kichwa, mama yako alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mdomo wazi, shingo imetoka mishipa. Nilidhani ananiita. Nilidhani amekusikia. Nikapeleka kidole kuzima, naye akanidaka mkono, akatikisa kichwa, akanibana mpaka vidole vikaniuma.

Alikuwa analia. Si machozi ya kimya, kilio chenyewe, kile cha kufunguliwa milango ya mtaa mzima, na jina lako niliona likipita midomoni mwake, lile jina la utotoni ambalo hakutaka tulitumie. Na hakuna jirani aliyekuja na kuni. Hakuna aliyeleta kiti. Mashine ilikuwa imefunika kila kitu. Nikakaa chini, nikaishikilia iendelee kunguruma magotini kwangu, nami nikafungua mdomo.

Tulizima betri ilipochoka. Mama yako akafunga kitambaa chake vizuri, akarudi kwenye kigoda, akasikiliza mlango kama kawaida. Hatukulizungumzia na hatutalizungumzia. Hatujakulilia, Baba Rehema. Hilo ndilo tutakalomwambia yeyote.

Kifua cha Rehema kimetulia. Analala bila mto wa pili, na juzi alipiga kelele akicheza, kelele halisi, nikajizuia kumnyamazisha. Chujio naliosha, nalianika, kama nilivyofundishwa. Na kila asubuhi, mtoto akishatoka kwenda shule, mama yako anaingia kutoka uani, anatazama chini, ananiambia, "Mama Rehema, tapi imechafuka."

Zulia ni safi, nililisafisha jana yake. Nawasha.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, mume wangu, popote ulipo, na kama kuna mtu anayesoma haya ambaye yuko pamoja nawe, akufikishie. Ukirudi asubuhi na kukuta nyumba inanguruma, hatujahama. Usikwaruze. Gonga kwa kiganja, gonga kwa ngumi, gonga mpaka majirani watoke na kukuona. Tutafungua wawili. Ukituona macho mekundu usiulize, tutakuambia ni vumbi.

Nakungoja bado,

Mkeo,
Mama Rehema