Aliyebeba Jeneza kwa Niaba ya Mathai

Darsait, Maskati
Ijumaa mchana

Mdogo wangu Mwakio,

Pokea salamu zangu, nikiamini zimekukuta mzima na kifua chako kimepatana na baridi ya Wundanyi. Mke wako na watoto je? Na Mama, goti linamruhusu kupanda ngazi za kanisa? Mimi afya ninayo. Joto limeanza kupungua, sasa mtu anaweza kutembea hadi kituo cha basi bila kulowa jasho. Kinachonisumbua ni Ijumaa kama hii, siku yetu ya mapumziko. Wenzangu wawili chumbani ni Wafilipino, wasichana wazuri, lakini wakianza kucheka kwa lugha yao mimi hubaki nikitabasamu kama mtu asiyejua harusi ni ya nani. Kiswahili nazungumza na bibi mmoja mteja wetu, Mwomani aliyezaliwa Unguja, naye huja tu akiwa na nguo ya kupunguza. Upweke, Mwakio, sikujua kuwa ni mzito hivi.

Najua unachosubiri. Umenipigia mara tatu na mara tatu nimesingizia mtandao. Mtandao haukuwa na kosa. Mama amekuambia hatakubariki uache uwakilishi wa wadi ugombee Bunge la Taifa mpaka mimi niseme ndiyo, nami nimekuwa nikijificha. Naandika kwa sababu kwa simu ungenishinda. Wewe ni mwanasiasa, mimi ni fundi cherehani. Barua hii anaileta mwenzetu mmoja wa Mwatate anayekuja likizo.

Nikusimulie kwanza habari za Mathai, fundi mkuu wa duka letu. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni Mkikuyu wa Nyeri, nikakimbilia kumsalimu, kumbe ni Mhindi wa Kerala, yuko Maskati miaka zaidi ya ishirini. Tunaelewana kwa Kiarabu cha dukani na Kiingereza cha kuokoteza. Kila akikata kitambaa hunipa habari za Mheshimiwa wao, ambaye walikaa naye dawati moja shuleni.

Huyo Mheshimiwa alianza kwa kuongoza migomo ya wanafunzi, akaingia baraza la kijiji, kisha bunge la jimbo lao, ambalo ni kama hilo lenu la kaunti ila kubwa zaidi. Huko alikaa vipindi vitatu, na unajua walimpendea nini? Matanga. Kwao kama kwetu kiongozi hupimwa kwa matanga na harusi, naye hakukosa hata mara moja. Baba yake Mathai alipofariki, Mathai alikuwa huku na hakupata ruhusa. Mheshimiwa alitoka kikaoni akafika na ndara miguuni. Akaona mbele ya jeneza, mahali pa mwana wa kiume, hapana mtu. Akaweka bega lake. Picha hiyo Mathai anayo kwenye simu, na nimeoneshwa mpaka naijua mikunjo ya lile shati.

Kwa hiyo Mheshimiwa alipotaka kwenda bunge la taifa lao kule Delhi, mpiga debe wake namba moja alikuwa Mathai. Kila siku ya mapumziko alipiga simu kwao, nyumba baada ya nyumba, akiwaambia mtu huyu ametuzikia vizuri, mpelekeni juu. Wakampeleka.

Mwaka jana, wiki ya mwisho kabla ya Idi, mama yake Mathai naye akafariki. Nguo za wateja zilikuwa zimejaa mpaka darini, na kafili wetu mwenye duka akasema haiwezekani mtu kuondoka. Kwao hurusha mazishi moja kwa moja kwenye simu kwa ajili ya watoto walio Ghuba. Mathai akaegemeza simu kwenye mkebe wa vifungo, juu ya meza ya kukatia, nami nikazima cherehani nikakaa naye. Kila mara aliniambia ngoja, sasa hivi utamwona Mheshimiwa. Tuliwaona mapadri, tukawaona majirani, tukaona jeneza likinyanyuliwa. Mheshimiwa hakuja, bungeni kulikuwa na kura siku ile. Alikuja bwana mmoja wa ofisini kwake na shada la maua lenye utepe wa jina la mkubwa wake, akaliweka, akapigwa picha, akaondoka. Mathai akarudi kwenye mkasi wake. Nilitaka kumpa pole, nikaona nitalia mimi badala yake.

Wiki mbili zilizopita Mheshimiwa akaja Maskati kusalimia watu wake, kwenye ukumbi hapa hapa Darsait. Mathai akaniomba nimsindikize. Desturi yao mgeni huvishwa shali mabegani, na kila chama kilikuja na yake. Akivishwa anaivua, anampa msaidizi, inakuja nyingine. Mathai yake aliinunua soko la Matrah akaipinda ukingo kwa mkono. Njiani aliniambia leo atamweleza ukweli: sisi wenyewe tulikupeleka mbali nasi, na mama yangu amezikwa na utepe.

Zamu yake ilipofika, Mheshimiwa akamtambua. Akamkumbatia, akamshika mikono miwili, uso umejaa furaha, akamwuliza jambo. Mathai akajibu kwa ufupi, akatabasamu, akashuka jukwaani. Sikuelewa kitu mpaka tulipofika barabarani.

"Ameniuliza, 'Mama hajambo?'"

Nikamwuliza amejibu nini.

"Nimesema hajambo, anakusalimu."

Nilisimama pale pale. Nilikasirika kwa niaba yake, nikamwambia arudi akamweleze. Akasema yule si mtu mbaya, ameuliza kwa moyo, pengine hata hakuambiwa shada lake lilikwenda kwa nani. "Na duniani amebaki yeye tu ambaye kwake mama yangu yuko hai," akasema. "Ningemwambiaje?"

Mwakio, nilijiona mimi pale. Mama alipoanguka uani, wewe ndiye uliyembeba mpaka hospitali ukiwa na suti yako ya kikao, na mimi nikapata usingizi kwa sababu yako. Nimekuwa nikikwepa kukujibu, na sababu si kwamba kazi ya Nairobi huiwezi. Ni choyo. Ukiondoka, nani huko atakuwa badala yangu?

Lakini nimefikiri vya kutosha. Nitakufungaje nyumbani ungojee msiba ambao haujafika, na Mama mwenyewe yuko hai, anakula na anagomba? Jana nimempigia nikamwambia ndiyo. Akasema amesikia. Sijui alifurahi au alihuzunika. Kwa simu sauti ya Mama ni ile ile. Gombea, mdogo wangu, na Mungu akutangulie.

Nisalimie mke wako, mwambie gauni lake nimeshalikata. Msalimie mjomba mshona viatu, shangazi wa kwaya, na jirani yetu aliyetufundisha kusoma. Kwa hao unaweza hata kumtuma mtu. Mama msalimie wewe mwenyewe. Nenda, keti, ule atakachokupa, umtazame vizuri, halafu uniandikie yuko vipi.

Dada yako,
Wakesho